Mtoto ni wa Nani? Mzazi, Ukoo na Sheria katika Nyanda za Juu za Kusini

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii husemwa mara nyingi shuleni na mikutanoni, lakini ni mara chache tunapoitafakari mpaka mwisho wake. Ikiwa mkono mmoja haulei mwana, basi iko mikono mingine. Na palipo na mikono mingi hapana budi maswali yazuke. Ni mkono upi wenye haki ya kumshika mtoto? Ni upi wenye wajibu wa kumlisha? Na ni nani atakayeuzuia mkono unaomwumiza?

Katika insha hii tutajaribu kueleza jinsi maswali hayo yalivyojibiwa, kizazi baada ya kizazi, katika nchi ya milima na mabonde iliyopo kati ya Iringa na Mbeya. Tunapotaja Iringa na Mbeya twakusudia mikoa hiyo kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, yaani pamoja na Njombe, iliyopata kuwa mkoa mwaka 2012, na Songwe, iliyofuata mwaka 2016. Humo wanaishi Wahehe, Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wasangu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha na wengineo. Desturi zao hazikuwa moja, lakini kwa jumla waliuhesabu ukoo kwa upande wa baba, na shida zilizowapata watoto wao zilifanana sana.

Tunalotaka kulionyesha ni hili: hapo kale mtoto hakulindwa na mapenzi ya wazazi peke yake, wala na haki ya baba peke yake. Alilindwa na ushahidi wa watu. Pale ushahidi ulipokuwapo, hata desturi kali ilikuwa na mpaka; pale ulipokosekana, hata desturi njema iligeuka kuwa pazia la maovu.

Mtoto katika desturi

Tuanze na Wanyakyusa, kwa kuwa maisha yao yaliandikwa kwa kirefu na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Huko mtoto alikuwa wa yule aliyetoa ng'ombe wa mahari. Mwanamume aliyezaa bila kutoa ng'ombe hakuwa na dai juu ya mtoto. Mtoto alihesabiwa kuwa wa wajomba zake. Kwa sikio la leo sheria hiyo yaweza kusikika kana kwamba mtoto alinunuliwa. Lakini yafaa tuitazame pia kwa upande wa pili. Ng'ombe hawaswagwi kwa siri. Wanapopelekwa kwa wakwe hupita njiani mchana, majirani huwahesabu, na wazee huyakumbuka mabaka yao. Hivyo kila mtu alijua mtoto yule ni wa nani, na kwa hiyo alijua ni nani wa kuulizwa endapo mtoto yule atalala na njaa.

Wanyakyusa walikuwa pia na vijiji vya marika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa wazazi wake, akaenda kuishi na vijana wa rika lake. Lakini hakuacha kula kwa mama. Vijana walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Matokeo yake si magumu kuyaona. Kila mama aliwatazama watoto wa wenzake karibu kila siku. Kijana aliyekonda, au aliyekuja na jeraha, hakuonwa na macho mawili tu.

Kwa Wahehe na Wabena nako mtoto wa ndoa alikuwa wa ukoo wa baba. Ndoa ilipovunjika, mtoto mchanga aliweza kukaa kwa mama mpaka apate nguvu, lakini ukoo wake haukubadilika. Yatima hakupelekwa kwa mgeni. Alichukuliwa na baba mdogo, shangazi au bibi. Tendo hilo lilifanyika mbele ya ndugu waliokusanyika baada ya matanga. Aliyempokea mtoto alipokea pamoja naye macho ya ukoo mzima.

Hata hivyo hatutendi haki tukizisifu desturi hizi bila kuutaja ubovu wake. Mama, aliyebeba mimba na kunyonyesha, hakuwa na sauti kubwa katika mashauri ya watoto wake. Wasichana waliweza kuposwa kabla hawajavunja ungo. Na neno kwamba mtoto ni wa ukoo lilikuwa na makali mawili: ukoo uliokuwa na deni uliweza kumtoa mtoto ili alipe deni hilo. Katika karne ya 19, wakati wa vita na biashara ya watumwa, jambo hilo lilizidi. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi miongoni mwa Wasafwa, aliandika masimulizi ya wanawake wa sehemu hizo waliotekwa au kuuzwa wakiwa wadogo, na ya watoto waliotolewa kuwa fidia katika mashauri ya watu wazima. Masimulizi hayo yatufundisha kwamba aliye mali ya ukoo huweza kutunzwa kama mali, na pia kutumiwa kama mali.

Vita, kazi za mbali na sheria za wakoloni

Ukoloni uliingia kwa bunduki. Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, lakini ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na Mtwa Mkwawa alifariki mwaka 1898. Kisha ikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, iliyogusa pia Ubena na kuleta njaa kali. Vita hupunguza kwanza idadi ya wale wanaoweza kumchukua yatima. Katika miaka hiyo baadhi ya watoto walilelewa katika vituo vya misheni. Hapo wengi walipata chakula na kusoma. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kukua mahali ambapo hakuna aliyelijua jina la babu yake.

Chini ya Waingereza pigo lilikuja kwa namna nyingine. Kodi iliwalazimu wanaume kutafuta fedha. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliyovuma katika miaka ya 1930. Wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na hata Afrika Kusini. Baba akawa jina na barua. Haki yake juu ya mtoto haikupungua hata kidogo, lakini mkono wake haukuwapo.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya watoto na vijana. Sheria hiyo ilimwita mtoto yule aliye chini ya miaka 12, na kijana yule aliyefikia miaka 12 lakini hajafikia 16. Ilieleza jinsi ya kuwahukumu wakikosa, na iliipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto asiye na matunzo chini ya mtu anayefaa, au kumpeleka katika shule ya maadilisho. Jina la Mbeya liliingia katika historia hiyo kwa njia ya pekee, kwa kuwa shule ya maadilisho ya Irambo imo katika mkoa huo, na mji wa Mbeya una mahabusu ya watoto. Lakini kwa mwanakijiji wa Rungwe au wa Mufindi sheria ya 1937 ilikuwa jambo la mbali. Iliwatazama zaidi watoto wazururao mijini. Mashauri ya mtoto wa kijijini yaliachwa kwa wazee na mahakama za wenyeji, ambako swali kuu lilibaki lile lile: nani alitoa mahari?

Sheria nyingine, ya mwaka 1949, ilimruhusu mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume ili atoe fedha za kumtunza mtoto. Hilo lilikuwa jema. Lakini fedha hizo ziliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki katika vitabu vya sheria kwa miongo mingi, mpaka shilingi 100 zikawa haziwezi kununua hata mkate. Sheria isiyotazamwa huzeeka, na mzee huyo huendelea kuheshimiwa mahakamani ilhali sokoni wanamcheka.

Baada ya Uhuru

Taifa huru lilirithi mambo mawili yaliyopingana: sheria za Waingereza na mila za makabila. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kwa ajili ya makabila yahesabuyo ukoo kwa baba, kazi ambayo ilikuwa imeanzishwa na Hans Cory. Kwa mujibu wa tangazo hilo, watoto wa ndoa walikuwa wa baba. Na mtoto wa nje ya ndoa alikuwa wa upande wa mama, isipokuwa baba amhalalishe. Njia moja ya kumhalalisha ilikuwa kumlipa babaye msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa kunyonya. Mila iliyokuwa ikitembea kwa miguu ya ng'ombe sasa iliandikwa kwenye karatasi; ikapata nguvu ya serikali, lakini ikapoteza wepesi wa kubadilika.

Miaka minane baadaye, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilileta neno jipya. Ilisema kwamba hakimu anapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza kutazamwa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Ilisema pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa afadhali akae na mama yake, mpaka pawepo sababu ya kuonyesha vinginevyo. Matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyekwisha kupata akili ya kujiamulia, na mila za jamii yao vyote vilipaswa kusikilizwa. Lakini havikuwa tena juu ya ustawi wa mtoto. Hapo swali lilianza kugeuka. Badala ya kuuliza "Mtoto ni wa nani?" hakimu alitakiwa aulize "Mtoto huyu atafaidika kwa nani?"

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ilikuwa na kidonda. Ilimruhusu msichana aliye chini ya miaka 18 kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Hapa haki ya mzazi ilitumika si kumkinga mtoto bali kumtoa utotoni. Ilichukua muda mrefu kabla ya vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, kupelekwa mahakamani. Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Katika vijiji vya wakati wa Ujamaa ushahidi wa zamani ulipata sura mpya. Mjumbe wa nyumba kumi alimjua kila aliyelala katika nyumba zake. Mgeni alipelekwa kwake, na mtoto aliyeletwa na ndugu hakukosa kuulizwa habari. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilipaswa kufanywa na wenyeviti wa vitongoji na mitaa. Lakini wakati huo huo mambo makubwa mawili yalikuwa yakiuvunja ushahidi huo: barabara na maradhi.

Barabara na maradhi

Barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ziliufungua ukanda huu kwa taifa zima. Manufaa yake hayana ubishi. Lakini zamani mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa ndugu alipelekwa mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, mahali ambapo habari zake ziliweza kurudi na mfanyabiashara wa chumvi au mtu aendaye msibani. Sasa msichana anayepanda basi Makambako alfajiri huwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo, katika nyumba ambayo wazazi wake hawajapata kuiona. Wengi wa wasichana wa Iringa na Njombe walikwenda hivyo, wakawa watumishi wa nyumbani. Mara nyingi jina la jambo lenyewe halikubadilika: walisema mtoto "amekwenda kukaa na shangazi" au "amechukuliwa kusomeshwa". Maneno yalikuwa ya malezi, na kazi ilikuwa ya kijakazi. Wengine walitunzwa vizuri na wakasomeshwa kweli. Wengine walifanya kazi toka alfajiri mpaka usiku bila mshahara, na hapakuwa na jirani hata mmoja aliyejua jina la baba yao.

Pigo la pili lilikuwa UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2003 na 2004 ulionyesha kwamba Mbeya na Iringa ndiyo iliyokuwa mikoa iliyoathirika kuliko yote ya Tanzania Bara, kila mmoja ukiwa na zaidi ya watu 13 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye virusi. Uchunguzi wa 2007 na 2008 ulikuta Iringa imefikia karibu 16 katika kila 100, wakati kwa Bara yote ilikuwa karibu 6. Kila tarakimu hapo ni nyumba. Katika Makete na kwingineko, kizazi cha katikati kilipungua, wakabaki bibi na wajukuu. Bibi aliyetazamia kulelewa na wanawe alianza upya kuchanja kuni na kutafuta sare za shule.

Desturi ilisema kwamba yatima ni wa ukoo. Lakini ukoo wenyewe ulikuwa umelemewa. Baba mdogo aliyekuwa na watoto sita aliletewa wengine wanne. Zaidi ya hayo, walikuwapo waliokuja matangani kwa ajili ya shamba na mabati, wala si kwa ajili ya watoto. Walichukua mali kwa jina la ukoo, na watoto wakaachwa kwa jina la Mungu. Kwa hiyo ikaonekana wazi kwamba haiwezekani kuutegemea ukoo bila ya kuwapo chombo cha kuuuliza ukoo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Hatimaye Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo ilizifuta zile za zamani, pamoja na ile ya 1937 na ile ya shilingi 100, ikakusanya mambo ya watoto mahali pamoja. Kila aliye chini ya miaka 18 akawa mtoto mbele yake.

Yafaa walimu wawaeleze wanafunzi wao msingi wa sheria hiyo, kwa kuwa wazazi wengi wameiogopa bila kuisoma. Wako wasemao kwamba serikali imewanyang'anya wazazi watoto wao. Sivyo. Sheria yaanza kwa kumpa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na yakataza mtu yeyote kumtenga nao, isipokuwa mahakama ikiona kwamba kuishi nao kutamletea madhara makubwa au mateso, au hakutakuwa kwa faida yake. Wala Afisa Ustawi wa Jamii hana mamlaka ya kudumu ya kumchukua mtoto kwa kauli yake tu. Lazima aombe amri ya mahakama. Amri ya matunzo ikitolewa, haki za mzazi huhamia kwa afisa huyo kwa muda usiozidi miaka mitatu, au mpaka mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Naye afisa aweza kumweka mtoto katika makao yaliyoidhinishwa, au kwa mtu anayefaa, au hata nyumbani kwa ndugu. Mlango wa ukoo haukufungwa, umewekewa bawabu.

Sheria hiyo yakataza pia kumnyima mtoto matumizi ya haki katika mali iliyoachwa na mzazi wake. Yaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Yaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda watoto walio katika eneo lake, na kila mwanajamii aliye na habari kwamba mtoto anateswa ana wajibu wa kuitoa habari hiyo kwa serikali yake ya mtaa. Kifungu hiki cha mwisho ndicho hasa kinachostahili kuandikwa ubaoni. Ni ule ushahidi wa kale, uliotolewa vijijini ukaandikwa katika sheria ya nchi.

Kwamba haja ilikuwapo, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulithibitisha: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na sehemu kubwa ya ukatili dhidi ya watoto hutendwa na watu wanaowafahamu. Kuanzia mwaka 2017 mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili huo, uitwao MTAKUWWA, ulitaka kamati za ulinzi ziundwe mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Lakini kamati ni watu. Afisa Ustawi wa Jamii mmoja hawezi kulipanda kila bonde la Livingstone wala kukaa kila kituo cha basi. Asipoambiwa, hatajua.

Hitimisho

Tumeona, basi, jinsi swali lilivyosafiri. Desturi iliuliza nani alitoa ng'ombe. Mkoloni aliuliza nani anazurura. Taifa huru liliuliza, kwanza, mtoto ni wa baba au wa mama. Kisha likauliza ni nini kitakachomfaa. Haki ya mzazi haikufutwa katika safari hiyo. Imerudishwa mahali pake, ikawa ni haki apewayo mzazi ili aweze kutimiza wajibu. Anayeukataa wajibu hawezi kuishikilia haki.

Tusidhani kwamba tumechagua sheria tukaiacha mila. Bibi wa Makete aliyelea wajukuu watano hakungoja kifungu chochote cha sheria. Bila yeye na wenziwe, makao yote ya watoto nchini yasingetosha kwa watoto wa wilaya moja. Lakini bibi huyo huyo, shemeji yake alipokuja kudai shamba, alihitaji mtu wa kusimama upande wake; na mtu huyo ni sheria.

Kwa hiyo mwalimu anayeona dawati limekuwa tupu baada ya likizo, asiridhike kuambiwa kwamba mtoto amekwenda kwa shangazi. Na aulize: shangazi yupi, anakaa wapi, nani alikuwapo alipochukuliwa, na lini habari zake zilisikika mara ya mwisho? Hayo ndiyo maswali ambayo wazee walikuwa wakiyauliza ng'ombe walipopita njiani. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingi humlea vyema pale tu inapoonekana.